Nzuri Vipi?

Najua kwamba nitakayoyasema hapa yatawaudhi baadhi ya rafiki zangu, hasa wale ninaokaa nao Jumamosi jioni kule Nyegezi. Lakini umri niliofikia unaniruhusu kusema. Sisi wanywaji wa Mwanza hatujui pombe. Tunainywa sana, tunaitolea fedha, tunagombana na wake zetu kwa ajili yake, lakini hatuijui. Mwambie yeyote kati yetu afumbe macho, umpe kipande cha sato wa leo na kipande cha sato aliyelala kwenye barafu siku tatu. Atakutenganishia bila kusita, na pengine atakutajia na mwalo alikotoka. Mpe mtu huyo huyo glasi mbili za bia bila chupa zake, utamwona anahangaika kama kuku aliyenyeshewa.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshuhudia. Mwaka 2022 tulikuwa sita mezani, tukawekeana dau. Mhudumu alichukua bia za aina nne, akazimimina huko kaunta katika glasi zinazofanana, akaandika namba chini ya kila glasi, akatuletea. Kila mmoja alitakiwa kuitambua bia yake. Mzee mmoja wa meza yetu, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 hajakubali kuletewa bia nyingine hata msibani, alionja ya kwanza, akakunja uso, akaisukuma pembeni na kusema kwamba hayo ni maji ya betri. Ndiyo ilikuwa yake. Watu walicheka mpaka meza za jirani zikageuka. Yeye hakucheka, na mimi pia sikucheka sana, maana nilipatia moja tu kati ya nne, na hiyo nayo nilibahatisha.

Sizilaumu bia zenyewe. Karibu zote zinazouzwa katika baa zetu ni za ukoo mmoja, ukoo wa lager: huchachushwa kwenye baridi, huchujwa mpaka zing'ae, rangi yake ni ya dhahabu, na kilevi chake ni karibu asilimia 5. Safari, Kilimanjaro, na hii Balimi ambayo jina lake kwa lugha zetu za Kanda ya Ziwa ni "wakulima", zote ni ndugu, na ndugu hufanana. Wanaozitengeneza ni mafundi wanaojua kazi yao. Ugomvi wangu si na kiwanda. Ugomvi wangu ni na sisi tunaokaa na chupa mezani, lebo imegeuzwa barabarani ili wapitao waisome, kisha tukakiita kitendo hicho kunywa bia. Kwa kweli tunakunywa lebo, na tunakunywa bei.

Ugonjwa huu una historia yake, na sitaki kuwa mkali kuliko inavyostahili. Wakati wa ukoloni sheria ilibagua watu hata katika kiu. Kulikuwa na vileo vya Kizungu na kulikuwa na pombe ya wenyeji, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuvigusa hivyo vya kwanza. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, lakini hakikujengwa kwa ajili ya baba zetu. Mwanahistoria Justin Willis ameieleza habari hii kwa kirefu katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, na mwenye nafasi akisome. Basi siku chupa iliporuhusiwa kwetu, haikuja kama kinywaji. Ilikuja kama cheti. Baba yangu aliihifadhi chupa tupu ya bia yake ya kwanza juu ya kabati la sebuleni, na ilikaa pale mpaka nilipokuwa darasa la nne, ndipo mama akaitilia mafuta ya taa. Nakumbuka baba alinuna siku mbili.

Lakini sasa Uhuru umetimiza zaidi ya miaka 60. Cheti tunacho, tena tunazo kreti na kreti za vyeti. Ni nini kinachotuzuia kuanza kuonja?

Na cha kuonja kipo. Waingereza wana bia yao ya kahawia. Mji wa Newcastle ulianza kuuza ya kwake mwaka 1927, Newcastle Brown Ale, ikawa fahari ya watu wa bandari na wachimba makaa ya mawe. Utamu na rangi ya bia za namna hiyo hutokana na nafaka iliyopitishwa kwenye moto. Mtu wa kwetu akirudi kutoka Ulaya hutusimulia habari za bia hiyo kama anayesimulia habari za theluji. Anapotusimulia hivyo amekaa Mwanza, mji ambamo wanawake hukaanga nafaka wakapika pombe ya kahawia kila wiki ya Mungu, umbali wa nauli moja ya daladala kutoka kwenye kiti chake, naye hajawahi kuinusa. Au aliinusa utotoni akaambiwa ni ya washamba.

Mimi mwenyewe nisingejua, kama si kosa nililolifanya mwaka 1998.

Nilikuwa bwana shamba. Katika sura nyingine ya kitabu hiki nimeeleza habari za pamba na sizirudii. Mwanzoni mwa mwaka huo mvua za El Niño zilikuwa zimefurika kila mahali, kipindupindu kilikuwa kinaua, na amri ilitoka kwamba vilabu vyote vya pombe vifungwe na pombe iliyopo imwagwe. Iliundwa timu, nami nikawekwa ndani yake. Sitaitaja ofisi iliyoniweka. Tulifika Igogo asubuhi, watu saba na karatasi moja, na karatasi hiyo nilikuwa nimeishika mimi.

Kilabu kilikuwa ni uwanja mdogo nyuma ya nyumba, mwembe mmoja, mabenchi, na mapipa mawili yaliyofunikwa magunia. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo. Nilimsalimu Kisukuma, mwangaluka mama, naye akaitikia bila kuniangalia, kwa sababu alikuwa anaiangalia ile karatasi. Hakubishana. Alisema neno moja tu: kwamba mwanawe amechaguliwa kidato cha kwanza na pipa la pili lilikuwa ni ada. Mwenzetu mmoja akamwambia kwamba serikali haipiki pombe.

Walipoanza kuliinamisha pipa la kwanza, nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi. Nilichovya kidole, nikalamba. Harufu ilikuwa ya ukoko wa mkate. Ladha ilianza na uchachu mwembamba, ukafuata utamu wa nafaka iliyokaangwa, halafu mwishoni, nilipokwisha kumeza, ukaja uchungu mdogo uliokaa nyuma ya ulimi kama mtu aliyesahau kuaga. Nilikuwa nimekunywa pombe kwa miaka karibu 30, na nilikuwa sijawahi kuonja kitu kilichofikiriwa namna ile. Kisha pipa likainama. Pombe iliteremka mtaroni kuelekea ziwani, kahawia yenye povu la maziwa, na bata wa jirani wakaifuata.

Amri yenyewe haikuwa ya kijinga, na ni lazima niseme hivyo ili nisije nikaonekana nadanganya. Pale palikuwa na beseni moja la maji ambamo vikombe vyote vilisuuzwa tangu asubuhi, na wateja walipokezana kopo. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Kilichopaswa kumwagwa ni lile beseni. Lakini kati ya watu saba hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza maji ya kupikia yametoka wapi, yamechemshwa au la, pombe ina siku ngapi. Hatukujua kuuliza. Machoni petu kile kilikuwa ni uchafu wa aina moja, na uchafu hauna maswali.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa, bila karatasi. Vilabu vilikuwa vimefunguliwa tena. Nilikaa benchi la nyuma, akaja, akanitambua, akaniletea kopo bila neno. Nikanywa. Nikataka kuomba radhi lakini maneno hayakuja, nikasema lililo rahisi: "Nzuri, mama."

Akasimama palepale, mkono kiunoni. "Wote husema nzuri, bwana shamba. Nzuri vipi?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Mimi niliyesomea kilimo, niliyeweza kukueleza tofauti ya aina tatu za pamba kwa kuishika gizani, sikuwa na neno hata moja la kumpa mtu kuhusu kazi ya mikono yake. Swali lake ndilo lililonitia katika kazi hii ya kuonja, nami naliandika kila mara ukurasa wa kwanza wa daftari ninaloweka kumbukumbu zangu.

Alinifundisha mwenyewe, kidogo kidogo. Wateja wake walikuwa na majina mbalimbali kwa kile alichokipika: waliotoka Mbeya waliita komoni, Wajaluo wa Rorya waliita busaa, na Wasukuma waliita bwalwa, yaani pombe, basi. Kazi huanza na kimea. Nafaka hulowekwa usiku mzima, hutandazwa na kufunikwa magunia ya maji mpaka ichipue, siku mbili au tatu, kisha huanikwa juani na kusagwa. Mbegu inapochipua hufungua ghala yake na kuanza kugeuza wanga kuwa sukari, na mpishi huikatiza njiani kwa jua. Yeye alitumia ulezi, na kidogo mtama mwekundu. Hapo nilijifunza jambo la aibu. Kwa miaka mingi nilikuwa nawahimiza wakulima waache mtama mwekundu na kupanda mbegu mpya za mtama mweupe, kama Tegemeo na baadaye Macia, nao walikuwa wanapanda mistari miwili ya mweupe kwa kunifurahisha na shamba zima la mwekundu. Niliwaandika kwenye ripoti kuwa wagumu wa kuelewa. Mtama mwekundu una ukakasi ambao kwelea hawaupendi, na ukakasi huohuo ndio ule uchungu mdogo wa mwisho. Mama huyu, ili ukakasi usizidi na kuua nguvu za kimea, aliuloweka mtama katika maji yenye majivu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wanawake wa Rwanda na wa Kigezi nchini Uganda wamefanya hivyo vizazi na vizazi, na kwamba wataalamu walipoupima mtama uliopita kwenye majivu walikuta kweli ukakasi umepungua.

Kimea kikiwa tayari, unga wa mahindi hukandwa na kuachwa siku mbili tatu uchachuke. Donge hilo ndilo linalokaangwa juu ya bati, moto wa kuni chini, mtu amesimama na koleo akigeuza bila kupumzika mpaka lote liwe chengachenga za kahawia. Hapa ndipo pombe inapopata rangi, na hapa ndipo inapoharibika. Likitolewa mapema, pombe itakuwa na ladha ya uji. Likichelewa dakika chache, itakuwa na ladha ya masizi. Chengachenga huingia pipani na maji, kimea huongezwa, na baada ya siku mbili au tatu huchujwa. Siku ya kwanza ni kama togwa, unaweza kumpa mtoto. Siku ya tatu imekomaa. Siku ya tano ni ya wale ambao hawajali tena. Kilevi chake hakifiki cha bia ya chupa, kwa kawaida ni kama asilimia 2 hadi 4, na anayelewa nayo amekaa tangu saa nne asubuhi.

Sasa nauliza: kazi yenye hatua kama hizo, yenye hukumu ya jicho na pua kila saa, tunawezaje kuiweka kapu moja na gongo?

Maana hilo ndilo kapu. Kiongozi akisimama jukwaani kulaani "pombe za kienyeji" hutia humo gongo, wanzuki, komoni, mbege, rubisi na hata bangi kama ana haraka. Gongo ni pombe iliyokenekwa, ni kali, nchi hii iliipiga marufuku, na mimi siitetei. Lakini pombe ya nafaka haihusiani nayo zaidi ya maziwa yanavyohusiana na samli. Na tukitaka kuhesabu madhara kwa haki, tukumbuke kwamba Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vilivyokuwa vinamaliza vijana wetu stendi na vijiweni, ilipiga marufuku kitu kilichotoka kiwandani, chenye lebo.

Najua jibu nitakalopewa, kwa hiyo nilitaje mwenyewe. Januari 2015, mahali paitwapo Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji ya unga wa mahindi msibani, na 75 wakafa. Ndiyo, 75. Uchunguzi ulionyesha kwamba haikuwa sumu ya mchawi wala ya mamba kama ilivyovumishwa. Unga uliotumika ulikuwa umelowa maji, bakteria wakaota ndani yake na kutengeneza sumu ambayo haina harufu wala ladha. Hapo ulimi wangu usingemwokoa mtu, na anayefikiri kwamba kuonja kunatosha badala ya usafi asinisingizie mimi. Lakini je, funzo la Chitima ni kwamba pombe ya nafaka inaua, au ni kwamba unga uliolowa unaua? Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi ya chakula. Sikusikia timu ikizunguka kumwaga ugali. Tulifundishwa kukausha mahindi, na tulifundishwa vizuri. Kwa nini basi mpika pombe haonekani anastahili kufundishwa? Sheria ya vileo ya mwaka 1968 inampa leseni na kumpangia saa. Jirani yake muuza samaki hutembelewa na mtu wa kumweleza habari za barafu. Yeye hutembelewa na mtu wa kuangalia leseni.

Kuhusu ulevi sina la kubisha. Nimezika marafiki. Nimewaona wavuvi pale Mwaloni wakimaliza mapato ya usiku kabla ya saa sita mchana. Wasiokunywa kwa imani yao nawaheshimu, na sura hii wanaweza kuiruka. Naongea na wanaokunywa, na ninachowaambia ni kwamba anayejua anachokunywa huwa na sababu ya kukiacha kikombe kibaya. Asiyejua humaliza tu.

Wapo watakaonitolea methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imetumika vibaya mno. Imetufanya tudhani kwamba kunyamaza ndiyo kulinda ubora. Hebu tazameni matokeo. Mgema wetu hajasifiwa miaka yote hii, na je, amelitia nini? Pita sasa vilabuni uone kinachoitwa wanzuki. Jina linatokana na nyuki, na pombe hiyo ilikuwa ya asali. Leo nyingi ni sukari ya dukani, hamira ya mkate na majani ya chai ya kutia rangi, inaiva haraka, na mpishi hapati hasara kwa sababu hakuna mteja anayegundua. Aliyeendelea kununua asali alifilisika karibu na mwenzake wa hamira, wote wawili wakiambiwa "nzuri". Sifa isiyo na sababu ndiyo inayotia maji tembo, na kimya nacho hutia maji hayohayo. Mgema anayeambiwa "leo umechelewa kulitoa" atalitoa mapema kesho.

Waingereza walishaipigana vita hii, na waliianza bila kitu. Mwaka 1971 watu wanne waliokuwa likizoni Ireland waliamua kwamba wamechoshwa na viwanda vikubwa vilivyokuwa vinaiondoa bia hai ya mapipa, inayoendelea kuchachuka mpaka inapomiminwa, na kuleta mahali pake bia iliyochujwa na kusukumwa kwa gesi. Wakaanzisha chama, wakaandika, wakalalamika, wakataja kwa jina baa nzuri na baa mbaya. Mwaka 1977 mwandishi Michael Jackson, si yule mwimbaji, alitoa kitabu The World Guide to Beer, akazipanga bia za dunia kwa aina na kuzieleza kwa ladha, kama watu wanavyoeleza mvinyo. Alifariki mwaka 2007, na kabla ya hapo aliona viwanda vidogo vikiota kila mahali. Chunguzeni walichokuwa wanakidai watu wale: pombe hai, iliyopikwa kwa kiasi kidogo, isiyochujwa sana, inayouzwa karibu na ilipopikwa. Ndicho anachouza mama wa Igogo, bila chama.

Hata viwanda vimeona mapema kuliko sisi. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Uganda ilianza kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama, serikali ikaipunguzia kodi, na wakulima wa mtama wakapata soko. Mtama ukiwa ndani ya chupa ni maendeleo. Ukiwa ndani ya pipa la mama ni ushamba. Naomba mtu anieleze tofauti, ila asianze na chupa.

Nimekuwa naandika hukumu zangu katika daftari kwa zaidi ya miaka 20, na ili nisionekane mtu wa maneno matupu nitatoa mbili. Rubisi ya Bukoba, ya ndizi mbivu zilizokamuliwa kwa majani na kutiwa mtama uliokaangwa, niliyoinywa kule kwao siku ya pili tangu kupikwa: kahawia yenye wekundu, harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi na moshi kwa mbali, mtama unaizuia isiwe sharubati. Bora kabisa. Rubisi iliyosafiri usiku mzima melini ndani ya dumu mpaka Mwanza: utamu umekufa, gesi imebaki, dumu lilikuwa la mafuta. Asiyeijua rubisi asianzie hapa. Na wanzuki ya sukari niliyoinywa Mabatini nilimaliza nusu, nikalipa yote, nikamwambia mwenye nayo sababu. Alinitukana. Mwezi uliofuata nilipopita aliniita ndani nionje nyingine, na ilikuwa na asali, si nyingi, lakini ilikuwemo.

Mara ya mwisho nilikwenda Igogo Juni 2025, wiki ile daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa na watu wote mjini hawakuwa na habari nyingine. Mama amezeeka, hasimami tena motoni. Mwanawe yule wa kidato cha kwanza ni fundi wa umeme Geita. Mwaka ule alichelewa kuripoti shuleni muhula mzima, jambo ambalo mama yake aliniambia mara moja tu na hakulirudia. Anayepika sasa ni binti yake. Aliniletea kopo, nikanywa, akasubiri, maana amekulia katika swali la mama yake.

Nikamwambia ni safi, uchachu umekaa mahali pake, kimea kimefanya kazi, lakini kuna ladha ya kuungua ambayo haikuwepo zamani, tena si ya pombe nzima, ni kama ya chenga chache. Alikasirika. Alisema amesimama na koleo kama alivyofundishwa, kuni zilezile, muda uleule, na kwamba wateja wote wameisifu.

Mama yake alikuwa mkekani chini ya ule mwembe. Akanyoosha mkono apewe kopo langu. Akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni muda mrefu, akatazama upande wa jikoni.

"Bati," akasema. "Umebadilisha bati?"

Binti akasema la zamani lilitoboka kwa kutu, amenunua jipya mwezi uliopita.

"Ni jembamba," mama akasema, akanirudishia kopo.